Kopo Lisilotaka Kufunguka

Leo kila darasa litafute kopo moja la samaki, kizibo kimoja cha soda, na nazi moja. Mwalimu aviweke mahali ambapo wote wataviona.

Tuanze na nazi, maana hiyo mnaijua kuliko mimi. Je, mmepata kumwona mtu akibambua makumbi ya nazi kwa meno? Hapana. Nazi hufuliwa kwa kifuo, ikavunjwa kwa panga, ikakunwa kwa mbuzi. Kila kazi ina chombo chake, wala hakuna anayekasirika. Lakini mtu huyohuyo akipewa kopo hushika kisu, msumari, jiwe, chochote kilicho karibu.

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kwenda Lindi yalivushwa mto Rufiji kwa kivuko, hapo Ndundu. Nilikuwa mtoto, nasi tulikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Utingo wa lori moja alinunua kopo la samaki akaanza kulitoboa kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza, akajichana kiganja, damu ikachuruzika ndani ya samaki. Wenzake waliokuwa na njaa wakabaki wanatazamana. Mimi nilicheka. Mama akanifinya sikio, kisha akatoa sabuni yake ili yule kijana anawe.

Msidhani alikuwa mjinga. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alitoa kitabu cha kueleza namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia ndani ya chupa na kuichemsha. Mwaka huohuo Peter Durand, huko Uingereza, aliandikisha njia ya kutumia vyombo vya bati. Lakini vifungulio vya makopo vilianza kupatikana katika miaka ya 1850; kimoja ni kile cha Mmarekani Ezra Warner, cha mwaka 1858. Miaka zaidi ya arobaini watu walihangaika na patasi na nyundo!

Ugumu huo una sababu. Hewa ikipenya, vijidudu hupenya nayo, na chakula huoza. Kopo legelege lisingefika Ndundu salama.

Basi, lishikeni kopo lenu. Kama lina pete juu, iinueni kwanza mpaka mfuniko utoboke, ndipo mvute polepole. Ukingo wa mfuniko hukata kama wembe. Kama halina pete, wala hamna kifungulio, ligeuzeni juu chini, mlisugue kwa kuzungusha juu ya saruji au jiwe bapa lenye kukwaruza. Ukingo utalika. Mkiona umajimaji, ligeuzeni tena, pangusa unga wa bati, kisha inua mfuniko kwa ncha ya kijiko. Kazi hii yataka subira, lakini vidole hubaki vizima.

Aliyejikata anawe kwa maji safi na sabuni, aende zahanati aulize habari ya sindano ya pepopunda. Asipake udongo wala majivu.

Na kopo lililovimba? Hilo msilifungue kabisa, wala msionje. Hewa inayolivimbisha huweza kutoka kwa vijidudu vilio hai ndani, na sumu ya baadhi yao haina harufu. Najua inauma kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha. Kitupeni hata hivyo, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki.

Sasa hesabuni meno ya kizibo. Yako 21. Mtu mzima ana 32, naye hushindana na kizibo akidhani atashinda kwa wingi! Jino likivunjika halioti tena. Tumieni kifungulio, au mgongo wa kijiko cha chuma.

Mwisho, someni. Kwenye pakiti ya maziwa au biskuti tafuteni mshale, au mkato mdogo pembeni. Hapo ndipo pa kuchania. Kisha tafuteni herufi EXP. Tarehe inayofuata ndiyo mwisho wa kutumia. Ikiandikwa EXP 03/2027, maana yake ni mwezi wa tatu, mwaka 2027.

Chukueni daftari. Andikeni: kopo, kizibo, kifungulio, ukingo. Nyumbani, kila mmoja atafute EXP moja, ainakili kama ilivyo, ailete darasani wiki ijayo. Kwaherini.