Mnizike Wapi?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja tungali wazima, nalo ni maziko. Kama una Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, na uweke kidole katika sura ya 50.

Katika sura ya 23, Sara amefariki. Ibrahimu ni mgeni katika nchi ile, hana hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe. Analia, kisha anainuka na kwenda kuzungumza na wenyeji kwa heshima, mlangoni mwa mji, watu wote wakisikia. Wanataka kumpa mahali bure, lakini yeye anapima fedha shekeli 400 na kumlipa Efroni mwenye shamba. Hivyo pango la Makpela likawa lake, na Sara akazikwa pale pale ugenini.

Sasa tazama sura ya 50. Yakobo amefariki Misri, baada ya kukaa huko miaka 17. Alikuwa amemwapisha mwanawe Yusufu asimzike Misri, bali amlaze pamoja na baba zake. Yusufu akaomba ruhusa kwa Farao, akasafiri na mwili hadi Kanaani, akamzika katika pango lile lile la Makpela. Kisha akarudi Misri kwenye kazi yake.

Umeona, ndugu yangu? Mmoja alizikwa alikofia, mwingine akapelekwa kwa baba zake. Wote wawili walizikwa kwa heshima, na Maandiko hayamlaumu Ibrahimu wala Yusufu.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Njoro. Wazee wetu wengi walikuja hapa kutoka mbali, wakafanya kazi katika mashamba ya ngano na ya ng'ombe wa maziwa. Wengine waliteremka kwenye stesheni yetu, katika reli ile iendayo Kisumu, wakiwa na sanduku moja tu la mbao. Walisema watakaa miaka miwili. Leo wajukuu wao wamezaliwa hapa, na wengine wana ploti zao. Basi mauti inapobisha hodi, swali linaanza: Mzee alazwe wapi? Hapa, au kule alikotoka?

Wakenya wenzangu wenye umri wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika nyumbani kwao Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulisema ni lazima azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa desturi ya Wajaluo. Mashahidi walisimama mahakamani, huyu akisema marehemu alitaka hivi, yule akisema alitaka vile. Mwili ulikaa mochari zaidi ya miezi 5. Mwishowe Mahakama ya Rufani iliamua upande wa ukoo, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane wake hakuwapo kaburini.

Simtaji marehemu huyo ili nimhukumu mtu yeyote. Nauliza tu: ikiwa wakili, mtu wa sheria na wa karatasi, maziko yake yalileta shida kubwa hivyo, itakuwaje kwangu na kwako?

Sasa niungame kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika nyumba ya muumini mmoja, dereva wa trekta, aliyekuwa amefariki. Ndugu zake walikuwa wamefika kutoka magharibi, na mkutano wa matanga ulikuwa umeanza. Nilipewa kiti, nikafungua kwa sala. Tukahesabu jeneza, magari matatu, ada ya mochari inayopanda kila siku, na ng'ombe wa kuchinjwa. Kufikia saa nne usiku yote yalikuwa yamepangwa. Nilipokuwa nikitoka, nilimkuta mjane jikoni akiwachemshia watu chai. Hakuna aliyekuwa amemwuliza neno. Hata mimi, mchungaji wake, sikumwuliza. Nilikuwa nimeombea mkutano nikamsahau mwenye msiba.

Nilirudi ndani kwa aibu, nikawaambia wazee, “Tumekosea.” Mama akaitwa. Alisema polepole, “Shemeji zangu, siwanyimi mwili. Yeye mwenyewe alitamani kulala karibu na mamake. Lakini ng'ombe mnayemtaja ndiye anayewalipia watoto karo. Na magari yakishaondoka, ni nani atakayebaki nami?”

Pakawa kimya. Yule ndugu mkubwa, ambaye alikuwa amesema sana jioni ile, alivua kofia yake akasema, “Shemeji, utusamehe.” Marehemu alipelekwa kwao kwa gari moja tu, na ng'ombe akabaki zizini. Mwaka uliofuata ndugu hao walikuja Njoro kufanya ukumbusho. Tuliomba, tukala ugali na maharagwe, na kesho yake wakapanda juu ya nyumba wakaziba paa lililokuwa likivuja. Sisemi kwamba yote yalikwisha vizuri. Deni la mochari mama yule alililipa kwa miezi mingi, na ndugu mmoja hajakanyaga kwake tena. Lakini ukumbusho ule wa paa sijausahau.

Mtu ataniuliza, “Mchungaji, je, desturi za wazee wetu tuzitupe?” La, tuzipepete kama mama apepetavyo mahindi katika ungo. Wabukusu wana desturi njema: mzee mwenye heshima akishazikwa, msemaji wa kumuse husimama mbele ya watu, akasimulia habari za wazee wa kale na kuwaonya walio hai wakae kwa amani. Ni nani atakayekataa maonyo kama hayo? Lakini desturi inayomnyang'anya mjane shamba lake, au kumlazimisha arithiwe kama kiti cha marehemu, au kutufanya tuogope wafu kuliko tunavyomcha Mungu, hiyo ni makapi. Acha upepo uipeperushe.

Basi, msikilizaji, nakuomba mambo matatu. Kwanza, sema ungali hai mahali unapotaka kulazwa. Yakobo hakumwachia Yusufu kazi ya kubahatisha. Waite mkeo au mumeo, watoto na ndugu zako, useme mbele yao wote, kisha uandike. Pili, msiba ukifika, mwulize kwanza mwenye msiba. Kama mtu amefia nyumbani, mjulisheni naibu wa chifu mapema ili mpate kibali cha kuzika, na mpange gharama kwa kadiri ya uwezo wenu. Jeneza la bei kubwa halimfikishi mtu mbinguni, bali deni lake laweza kumtoa mtoto shuleni. Tatu, ukumbusho usiwe siku moja ya kula na kuondoka. Mfikirie mjane na yatima mwezi wa tatu, mwezi wa sita, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, hatukatazi kulia. Anatukataza kulia kama watu wasio na tumaini. Siku Bwana atakapokuja, atawaita walio wake kutoka Nyalgunga, kutoka Matasia na kutoka Njoro, wala hatapotea hata mmoja.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelazwa katika kaburi la mtu mwingine, uwafariji wote walio na matanga usiku huu. Utupe ulimi wa kusema mapema na masikio ya kumsikia mjane. Utupatanishe tungali hai. Amina.