Nyumba na Bustani: Maji Machache, Kuni Chache
(Maneno ya Kamati ya Mazingira, Nakivale, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)

 

Kiangazi kimefika. Hapa Isingiro mvua ya masika imekwisha, na nyingine tunaingoja Septemba. Miezi hii mama zetu wanakwenda mbali kutafuta kuni, na watoto wanaacha daftari ili wabebe bidoni. Kwa hiyo leo tunasema juu ya nyumba na bustani kama kitu kimoja.

Kwanza, kivuli. Tuko karibu na Ikweta: jua la mchana liko juu ya paa, lakini la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga kuta. Basi tupande mipapai na migomba mashariki na magharibi ya nyumba, hatua chache kutoka ukutani. Mikaratusi isikae karibu na bustani, maana inakunywa maji mengi.

Pili, maji. Paa la mabati la mita 4 kwa 6, ikinyesha mvua ya milimita 10, linatoa lita 240. Hata zikipotea 40, zinabaki bidoni 10, yaani pipa zima. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane.

Tatu, tuta. Wakati wa kiangazi tuta lisiinuke. Lizame kidogo ili maji yasikimbie. Tutie samadi, tufunike udongo kwa majani makavu, tumwagilie shinani jioni. Asiye na nafasi apande lengalenga katika gunia la udongo, lenye mawe katikati ya kupitisha maji. Maji ya kuoshea mboga yaende tutani. Ya sabuni yaende kwenye migomba.

Nne, jiko. Jiko la udongo lenye kuta nene, kuni kavu zilizopasuliwa, sufuria yenye kifuniko, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha: hayo yote yanapunguza safari za porini.

Wengine wanauliza: mkimbizi apande mti wa nini, naye kesho anarudi kwao? Swali hilo tunaliheshimu, maana hakuna aliyekuja hapa kwa kupenda. Lakini makazi haya yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na ndugu wa Rwanda waliofika miaka ile walikaa zaidi ya miaka 30 kabla wengi wao hawajarudi mwaka 1994. Mpapai huzaa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Tukibaki, tutakula sisi. Tukirudi, atakula anayekuja nyuma yetu, naye pia atakuja na njaa.

Tunaomba kila kijiji kianze na nyumba 5, za wazee na wajane kwanza. Vijana wachimbe, mama waonyeshe, kamati itapita kutazama.