Miaka ya Jeshi katika Pensheni ya Mtumishi wa Umma: Hali ya Burundi na Njia za Kuihesabu

1. Maana ya kuhesabiwa miaka ya jeshi

Kuhesabiwa miaka ya jeshi ni utaratibu unaouongeza muda wa mtu jeshini kwenye muda wake wa utumishi wa kiraia pale pensheni yake inapokokotolewa. Utaratibu huu unagusa mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni haki: je, mstaafu ametimiza muda wa chini unaotakiwa ili apewe pensheni ya kila mwezi badala ya malipo ya mkupuo? La pili ni kiasi: kila mwaka wa jeshi unaongeza nini kwenye pensheni hiyo? Sheria inaweza kulikubali la kwanza na kulikataa la pili, na ndiyo maana watu wawili wenye historia moja huweza kupata mafao yasiyofanana.

2. Mifuko miwili, mtumishi mmoja

Pensheni za wafanyakazi nchini Burundi zina mizizi katika sheria ya mwaka 1956, wakati wa Ruanda-Urundi chini ya utawala wa Ubelgiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 iliundwa Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS. Sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 16 Juni 1999 iliupanga upya mfumo huo, na sheria ya kinga ya jamii ya tarehe 12 Mei 2020 ikaupanua.

INSS imewahudumia wafanyakazi wa sekta binafsi, watumishi wa serikali wenye mikataba, na pia wanajeshi. Watumishi wa kudumu, yaani wale wenye sitati, pamoja na mahakimu, walikuwa na mfumo wao. Kwa muda mrefu pensheni zao zilitegemea bajeti ya serikali, kisha mwaka 2010 ikaundwa ofisi ya pensheni na ajali za kazini kwa watumishi na mahakimu, ONPR.

Hapo ndipo chimbuko la tatizo. Askari aliyeacha bunduki akawa mwalimu au karani mwenye sitati hakuhama ofisi tu. Alihama mfumo wa pensheni. Michango yake ya kwanza ilibaki upande mmoja na ya pili ikaanza upya upande mwingine.

3. Hesabu inavyobadilika

Kwa kanuni iliyojengwa juu ya sheria ya mwaka 1999, pensheni ya uzeeni ya INSS ilihitaji umri wa miaka 60 na michango ya miaka 15, yaani miezi 180. Aliyetimiza muda huo alipata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho, na kila mwaka uliozidi 15 uliongeza asilimia 2.

Mfano wa kukokotoa unaonyesha uzito wa jambo. Mtu ametumikia jeshi miaka 9, kisha utumishi wa umma miaka 12. Ikiwa kila kipindi kinatazamwa peke yake, na kila mfuko unadai miaka 15, hakuna kipindi kinachofika. Mtu huyo amefanya kazi miaka 21 lakini hana pensheni ya kila mwezi popote. Vipindi vikijumlishwa, miaka 21 inazidi 15 kwa miaka 6: asilimia 30 na 12 zinafanya asilimia 42 ya wastani wa mshahara. Tofauti hiyo yote haitokani na mtu kuongeza hata siku moja ya kazi, bali na kukubali kwamba daftari mbili ni za mtu mmoja. Akifariki, mjane na yatima nao hupata au hukosa kwa hesabu hiyohiyo, kwa kuwa pensheni ya warithi hutokana na ya marehemu.

4. Aina za utumishi wa kijeshi

Si miaka yote ya jeshi inayofanana mbele ya mfuko wa pensheni.

(a) Ajira ya kijeshi. Huyu ni askari au ofisa aliyelipwa mshahara na kukatwa mchango kila mwezi. Kesi yake ndiyo nyepesi zaidi: fedha ziliingia, kinachohitajika ni kuziunganisha na zile za utumishi wa kiraia. Kwa kuwa umri wa kustaafu jeshini hufuata cheo na kwa kawaida huja mapema, wengi hutoka wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi nyingine.

(b) Utumishi wa lazima. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi, vijana waliomaliza sekondari walitakiwa kupitia utumishi wa kijeshi kabla ya kuingia chuo kikuu. Kijana wa namna hii hakuwa na mshahara wa kawaida wa kukatwa mchango, lakini muda wake ulichukuliwa na taifa. Kama hauhesabiwi, anachelewa kuanza kazi, na kwa hiyo anachelewa pia kufikisha muda wa pensheni.

(c) Waliorudishwa uraiani. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka msingi wa jeshi jipya la taifa, na sheria za tarehe 31 Desemba 2004 zikaunda Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa. Mwezi huohuo kazi ya kuwarudisha wapiganaji uraiani ilianza. Waliotoka walipewa posho ya kuanzia maisha. Posho hiyo ilikuwa ya kumvusha mtu kutoka kambini hadi nyumbani. Haikuwa mchango wa pensheni na haiwezi kuchukua nafasi yake. Kwa askari wa jeshi la zamani kulikuwa na miaka ya mshahara. Kwa mpiganaji wa waasi aliyetoka msituni hakukuwa na mwajiri wala makato. Kuhesabu miaka ya msituni basi ni uamuzi wa kisiasa unaohitaji sheria na fedha zake, wala hauwezi kuachiwa karani wa mafao.

(d) Misheni za nje. Kuanzia Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Muda huo ni sehemu ya utumishi wa jeshi la taifa. Posho ya misheni na mshahara wa msingi ni vitu viwili, na jambo la kuangalia ni ikiwa makato ya mshahara yaliendelea bila pengo wakati askari yuko nje.

5. Njia nne za kuhesabu

Njia ya kwanza ni kuuchukulia muda wa jeshi kana kwamba ulichangiwa, bila kumdai mtu chochote. Ufaransa ilifanya hivyo kwa watumishi wa umma waliopitia utumishi wa taifa: muda wao uliingia katika kupanda daraja na katika pensheni. Njia hii inawafaa waliolazimishwa kutumika, lakini gharama yake hubebwa na hazina ya serikali.

Njia ya pili ni kununua miaka. Nchini Marekani, mtumishi wa serikali kuu aliye katika mfumo wa pensheni wa FERS hulipa asilimia 3 ya mshahara wake wa msingi wa jeshini ili miaka hiyo iingie kwenye pensheni ya kiraia. Anayechelewa hutozwa riba, na malipo lazima yakamilike kabla ya kustaafu.

Njia ya tatu ni kuhamisha michango kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, ili mfuko wa mwisho ulipe pensheni yote. Ni rahisi kwa mstaafu, ngumu kwa wahasibu, hasa viwango vya michango vinapotofautiana.

Njia ya nne ni kujumlisha vipindi kwa ajili ya haki tu, kisha kila mfuko ulipe sehemu yake kulingana na miaka iliyopita mikononi mwake. Hakuna fedha inayohama. Kinachohama ni taarifa. Mfano wa miaka 9 na 12 ungefanya mfuko wa kwanza ulipe sehemu 9 kati ya 21, na wa pili sehemu 12.

6. Mwaka mmoja, hesabu moja

Kila njia inahitaji kizuizi dhidi ya kuhesabu mara mbili. Marekani humtaka mstaafu wa jeshi, isipokuwa katika hali maalumu kama ulemavu wa vitani, aiachie pensheni ya kijeshi kabla ya kuiingiza miaka hiyohiyo katika pensheni ya kiraia. Kenya, nchi ya Afrika Mashariki, imekwepa swali kwa kutenganisha: ilipoanza mfumo mpya wa pensheni wa watumishi wa umma tarehe 1 Januari 2021, jeshi la ulinzi liliachwa nje. Kutenganisha huzuia kulipa mara mbili, lakini hakumsaidii anayevuka mpaka wa mifuko.

7. Ushahidi

Sheria nzuri hushindwa mbele ya daftari tupu. Anayedai miaka ya jeshi huhitaji namba ya utambulisho jeshini (matirikule), barua ya kuajiriwa, hati ya kuachishwa au kurudishwa uraiani, na orodha ya michango. Miaka ya vita ilipoteza karatasi nyingi, na majina huandikwa kwa namna tofauti kutoka hati moja hadi nyingine. Uhakiki unaofanywa mtu akiwa bado kazini, wakati makamanda na wahasibu wa zamani wangali hai, huwa rahisi kuliko ule unaosubiri siku ya kustaafu.

8. Mapendekezo

Kwa Burundi, njia ya nne inawafaa waliolipwa mshahara jeshini, kwa sababu michango yao ipo na haihitaji kuhamishwa. Njia ya kwanza inawafaa waliotumika kwa lazima, kwa muda ule tu walioamriwa kutumika, na gharama yake iandikwe wazi katika bajeti. Njia ya pili ibaki hiari kwa mwenye pengo la michango. Juu ya zote, namba moja ya mchangiaji imfuate mtu kutoka kambini hadi ofisini, ili kila mwaka uonekane mara moja na ulipwe mara moja.