Wenye baridi yabisi nao wakutane

Maumivu ya viungo tumeyarithi na jina lake: baridi yabisi, yaani ubaridi ulio mkavu. Ni jina la utabibu wa kale, uliogawa maradhi kwa joto na ubaridi, ukavu na umajimaji. Kule Masukulu, wilayani Rungwe, baridi ipo ya kutosha, lakini ukavu utautafuta kwa tochi. Mvua ya Tukuyu haina mzaha. Na kwa kuwa jina linataja baridi, wengi wanaamini tiba ni sweta na moto wa jikoni. Joto hutuliza maumivu, ni kweli, ila baridi siyo inayoleta ugonjwa.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Upo ule wa kulika kwa magoti, unaompata mama aliyepandisha vilima na mkungu wa ndizi kichwani miaka 40. Ipo jongo, inayopenda kidole gumba cha mguu. Na upo ule ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo. Huu haungoji uzee, na huwapata zaidi wanawake. Ukiona vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi vinakakamaa saa nzima, usingoje mavuno yapite. Dawa zikianza mapema huokoa viungo. Vikishapinda, vidonge havivinyooshi.

Sasa basi, mgonjwa huyo akitoka hospitali azungumze na nani? Wenye kisukari wana chama chao cha taifa tangu mwaka 1985. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI walijiunga katika vikundi, wakatufundisha nchi nzima. Mwenye magoti mabovu huambiwa, "Uzee huo, mzee wangu, vumilia." Naye huvumilia kwa kununua diklofenaki dukani kila juma, mpaka apate vidonda vya tumbo au figo zilegee.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha mafunzo ya wagonjwa wa viungo: majuma 6, saa 2 kila juma. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa wenyewe. Walifundishana mazoezi, namna ya kugawa kazi za siku, na namna ya kumuuliza daktari maswali. Ikaonekana kwamba waliopata nafuu hasa ni wale walioanza kuamini kuwa wana la kufanya juu ya maumivu yao. Hayo hayahitaji jengo wala mfadhili.

Vikundi vya kuzikana na vya kuweka na kukopa tunavyo mpaka vijijini. Wenye viungo wa Masukulu waanzie huko, au kwenye baraza la wazee. Mganga wa zahanati awaeleze wagonjwa wake kwamba kuna kikao, atakaye aje. Afisa maendeleo ya jamii ataonyesha njia ya kuandikisha kikundi. Watu 20 wakienda pamoja hospitali ya wilaya, Makandana, kuomba mtaalamu wa mazoezi awafundishe siku moja, watasikilizwa kuliko mmoja mmoja.

Lakini kisiwe kikundi cha wazee peke yao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mwenye miaka 60 asiye na uwezo, kwamba atibiwe bila malipo. Mama wa miaka 35 aliyevimba vidole haimo hesabuni, na dawa yake inadai kupimwa damu mara kwa mara. Huyo ndiye anayehitaji wenzake zaidi. Na muuza dawa, ya kisasa au ya mitishamba, asipewe uenyekiti.

Kikao cha kwanza kisiwe kilimani. Tafuteni mahali tambarare, na viti virefu vyenye egemeo. Kigoda kitawashinda kunyanyuka.