Miguu Ikiganda, Jaribu Hatua za Tango

Leo tuache chanjo na malaria kidogo, tuzungumzie densi. Usicheke, mama, utaona.

Tango ni densi ya watu wawili, iliyozaliwa Buenos Aires na Montevideo mwishoni mwa karne ya 19. Naileta hapa kwa ajili ya wanaougua Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Mgonjwa anataka kutembea lakini miguu inaganda chini, hasa akigeuka au akipita mlangoni, halafu anaanguka. Mwaka 2007, watafiti Madeleine Hackney na Gammon Earhart wa Marekani walichapisha matokeo ya vipindi 20 vya tango kwa wagonjwa kama hao. Walikuwa wachache, lakini waliweza kusimama imara zaidi. Parkinson haikupona, kwa hivyo dawa usiache.

Sasa ondoa zulia na vua kandambili, uvae viatu visivyoteleza. Simameni mkitazamana, mshikane mikono karibu na kiwiko. Msiende popote kwanza. Wewe mgonjwa, weka uzito wako wote kwenye mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mwepesi kabisa. Kisha rudisha uzito kushoto. Rudieni polepole, mara nyingi. Hapa pana faida, kwa maana mguu wenye uzito hauwezi kupiga hatua.

Mkizoea, tembeeni. Uzito ukiwa kulia, piga hatua mbele kwa mguu wa kushoto. Msaidizi wako arudi nyuma kwa wa kulia. Tua uzito, ndipo mguu mwingine ufuate. Siku nyingine mbadilishane, wewe urudi nyuma. Hiyo ni ngumu zaidi, basi hatua ziwe fupi na msaidizi asikuachilie.

Kuna pia mtindo uitwao ocho, yaani nane kwa Kihispania: unapiga hatua, unageuka juu ya mguu mmoja, unapiga nyingine upande wa pili, kama unachora namba nane sakafuni. Ngojeni mpaka kutembea kuwe imara. Cruzada, ya kupishanisha miguu, mimi ningeiacha kabisa kwa mtu anayeangukaanguka.

Ukisikia kizunguzungu, keti mara moja. Na kama umeanguka hivi karibuni, muone daktari kabla hujaanza.