Jambia la Urithi

Jambia la Moroko huitwa kumiya. Hutambulikana kwa ncha iliyopinda, na kwa ala yenye pete mbili za kufungia kamba ya begani, kwani huvaliwa ubavuni kushoto.

Thamani yake haimo katika kung'aa. Mengi ya karne ya 20 yalifanywa kuuziwa watalii: ala ya shaba, bapa la chuma chepesi kisichonolewa. La kale huwa na bapa imara lenye makali, na pengine ala ya fedha.

Basi warithi wasilisugue wala wasilinoe, maana alama za ukale zikifutika thamani hushuka. Sonara aipime fedha, mjuzi wa silaha alitazame bapa, ndipo liingizwe katika hesabu ya mirathi. Likikadiriwa kwa upungufu, alichukuaye atakuwa amekula haki ya nduguze.