Askari wa Barabarani Awe wa Nani?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Busia na Malaba



Tulipodai kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, shabaha yetu haikuwa kuongeza majina ya vyama kwenye karatasi ya kura. Tulitaka mwenye mamlaka amtumikie raia. Leo twaleta kipimo hicho hicho barabarani, mbele ya askari wa trafiki.

Barabara kuu mbili huishia kwetu: ile itokayo Mombasa kupitia Eldoret na Bungoma hadi Malaba, na ile itokayo Kisumu kupitia Ugunja hadi Busia. Hupita humo mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Kando ya malori hayo hupita bodaboda, iliyozaliwa papa hapa mpakani ikiwa baiskeli, pamoja na mama aendaye sokoni na mtoto aendaye shuleni. Januari 2022, wakati wa mzozo wa kuwapima madereva korona, foleni ya malori kutoka Malaba ilienea makumi ya kilomita. Julai 2021, lori la mafuta lilipata ajali Malanga, Siaya, kwenye barabara iendayo Busia. Raia walikuwa wakichota petroli iliyomwagika pale moto ulipolipuka, na watu wasiopungua 13 wakafa. Nchini kote, tangu mwaka huo wa 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka, na waendao kwa miguu ndio wanaoumia zaidi.

Kwa hiyo twakubali kwamba trafiki waongezwe. Msiba kama ule wa Malanga huhitaji askari wafikao mapema, wenye gari, redio na mafunzo ya kuuzingira mtungi wa mafuta kabla umati haujakusanyika. Tena Januari 2018 Rais aliagiza maofisa wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, waondolewe barabarani na kazi hiyo iachiwe polisi wa trafiki. Mzigo ukawaelemea wao.

Hata hivyo, idadi peke yake haiokoi mtu. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipowahoji maofisa wa trafiki mwaka 2016, taarifa za M-Pesa zilifichua fedha zilizotoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa wao. Kikosi cha namna hiyo kikiongezwa mara mbili, vizuizi vya kitu kidogo navyo huongezeka mara mbili, na lori lenye breki mbovu hulipa likapita. Anayelipia hongo ile mwishowe ni mtoto avukaye barabara.

Basi madai yetu ni matatu. Kwanza, askari wawekwe mahali na saa za hatari: kwenye vivuko vya shule asubuhi, penye masoko, na usiku malori yanapoegeshwa barabarani bila taa. Pili, wapewe vipima mwendo, redio na mafunzo ya huduma ya kwanza, na nyumba za kuishi kwa heshima. Tatu, wawajibike kwa wananchi.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 244 ya Katiba ya 2010 yataka polisi wazuie ufisadi na waheshimu haki za binadamu. Ibara ya 49 yakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Dereva ajuaye hivyo hatishiki upesi. Ibara ya 35 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na malalamiko dhidi ya askari hupelekwa IPOA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2011.

Wenzetu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila parokia, kila kamati ya haki na kila chama cha bodaboda kimwandikie mkuu wa polisi wa kaunti, nakala kwa Tume, kikiuliza: trafiki ni wangapi, husimama wapi, saa ngapi, na wana vifaa gani? Barua isomwe hadharani, kanisani na sokoni, na jibu nalo lisomwe hapo hapo. Jibu lisipokuja, tuandike tena kwa kuitaja Ibara ya 35, kisha tuipeleke katika bunge la kaunti tukiwa wengi, kwa amani, bila kunyamaza.